Baba kwenye benchi la kupima watoto



Kwenye mkutano wa Alhamisi mliuliza tena kwa nini siku za kupima watoto ni Baba anayekuja na mtoto wetu, na Mama haonekani. Mmoja wenu aliuliza kwa sauti ndogo kama Mama amefariki. Hapana, yuko mzima, ndiye anayeshika kalamu. Lakini haya tumeyasema wawili, jioni, mtoto akiwa amelala, na Baba ameyasoma yote kabla hayajatoka nyumbani. Ndiyo maana tunasema "sisi". Pale ambapo mmoja wetu alikuwa peke yake tutasema Baba au Mama, msije mkachanganyikiwa. Mkiona Baba amesemwa vibaya mahali, jueni amekubali mwenyewe. Alifuta mstari mmoja tu, na hatutasema ulikuwa upi.

Sisi tunakaa hapa Kalengera, kando ya barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru. Watoto ni watatu. Wavulana wawili wa kwanza walizaliwa hapa. Msichana alizaliwa Januari 2023 kule Kanyaruchinya, chini ya shitingi, wakati wengi wetu tulikuwa tumekimbilia upande ule wa Nyiragongo. Wenye kukumbuka wanajua kulikuwa namna gani: mvua, mawe meusi ya volkano chini ya mgongo, na kipindupindu. Tulirudi nyumbani mwanzoni mwa 2025. Njiani mfuko mmoja ulipotea, ule wenye karatasi. Tulilia kwa ajili ya karatasi za shamba. Fishi ya chanjo ya mtoto ilikuwa humo pia, lakini siku ile hakuna aliyeilia.

Kazi zetu mnazijua. Mama ananunua maharagi vijijini na kuyapeleka Goma kwa Fuso, mara mbili kwa wiki. Baba anatengeneza pikipiki barabarani. Ni fundi kweli. Pikipiki ikipita nyuma ya nyumba, hata kama hajainua macho, atakuambia ni ya nani na itamwangusha lini.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tano. Fuso ilikwama, Mama akalala Goma. Baba akabaki na watoto, akasema atapika fufu mwenyewe, hakuna shida. Aliweka sufuria ya maji juu ya mbabula, pale chini mlangoni ambapo sote tunaweka kwa sababu ya moshi. Kisha mtu akaita barabarani kuhusu pikipiki yake. Baba anasema aliondoka kwa muda wa kufunga bolti mbili. Mtoto alikuwa anakimbizana na kaka yake, mguu ukagonga mbabula, maji yakamwagika kwenye mkono wa kushoto, kuanzia juu ya kiwiko mpaka karibu na kifundo, na kidogo pajani.

Alikuwa na miaka 2 na miezi 4.

Baba alipofika majirani walikuwa wamekwisha kuwa wanne, na kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema dawa ya meno. Wa pili alisema mafuta ya mawese. Mzee mmoja alisema majivu, kwa kuwa yeye aliponeshwa na majivu utotoni, akaonyesha na kovu lake, ambalo kwa kweli lilikuwa kubwa na baya. Baba alimpigia Mama telefoni. Na hapa tuseme ukweli, kwa sababu Mama kwa siku nyingi alisimulia kisa hiki akiruka sehemu hii: Mama alisema, "Paka yai." Yai halikuwapo. Kwa hiyo Baba alipaka dawa ya meno, tyubu nzima, kwa mkono unaotetemeka. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Nje ya mlango kulikuwa na bidoni mbili za maji baridi zilizotoka kisimani alasiri ile. Hakuna aliyezigusa.

Asubuhi Baba alimbeba mpaka kituo cha afya. Aliyewapokea alikuwa mama mmoja mganga, mtu wa maneno machache. Aliuliza mtoto ana miezi mingapi. Baba akasema, "Ni mdogo, ana miaka miwili na kitu." Ana kilo ngapi? Hajui. Amepata chanjo zote? Hajui. Ile ya surua ya miezi tisa? Hajui. Ya pepopunda imo katika zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, je, alizimaliza? Hajui. Kuna dawa inayomletea vipele? Hajui. Amekuwa mgonjwa wa malaria mara ngapi mwaka huu? Baba alisema, "Mama yake ndiye anajua." Mganga akauliza mama yuko wapi. Goma. Mganga akaandika mstari kwenye kila nafasi ya fishi mpya, mstari juu ya mstari, na Baba anasema kila mstari ulimwingia kama msumari. Kwa kuwa hapakuwa na fishi, mtoto alichomwa sindano ya pepopunda. Mama angekuwepo angesema kwamba zile tatu alizimaliza kambini, na huenda sindano ile isingehitajika.

Kisha ikaja kazi ya kuondoa dawa ya meno. Ilikuwa imekauka kama chokaa, imeshikana na malengelenge. Kuitoa kulichukua muda mrefu na Baba ndiye aliyemshika. Hatutaandika zaidi juu ya hilo.

Mganga alipomaliza kufunga kidonda alichukua ule utepe wa rangi akamzungushia mtoto kwenye mkono mzima. Ukasimama kwenye manjano, milimita 122. Kijani kinaanza kwenye 125, na chini ya 115 ni nyekundu. Kilo zilikuwa 10 na nusu. Akamuuliza Baba mtoto anakula nini. Baba, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, alijua jibu: fufu na sombe, fufu na lengalenga. Maharagi? Baba akanyamaza. Nyumba yetu ilikuwa na magunia ya maharagi mpaka chini ya kitanda, na yote yalikuwa ya kupeleka Goma.

Mama alirudi jioni ile. Mnaweza kufikiri jinsi ilivyokuwa. Mama alisema maneno ambayo mwanamke husema: siku moja tu nimekuachia mtoto. Baba hakujibu mara moja. Baadaye alisema, "Wewe ulisema yai." Tukakaa siku mbili bila kuongea, watoto wakipeleka maneno kutoka upande huu wa nyumba kwenda upande ule. Mama mzaa Baba aliposikia kwamba mganga alimuuliza mwanaye kilo za mtoto alicheka kwa dharau, akasema toka lini mwanamume anahesabu kilo za mtoto, labda za mbuzi.

Siku ya tatu ilikuwa ya kubadilisha bandeji, na Mama alikuwa amekwisha kuvaa kikwembe cha kwenda. Baba akasema, "Niache niende mimi. Walinipima jana juzi nikaanguka mtihani." Mama alikasirika tena. Tumeongea juu ya hasira ile mara nyingi baadaye, na Mama mwenyewe amekubali iandikwe hapa. Kwa miaka yote, mtoto akipata homa, Mama alimaliza kila kitu kimya kimya. Baba alikuwa anaombwa pesa tu, na akiuliza anaambiwa, "Ni mafua, lala." Ilikuwa njia ya kumwonea huruma, na pia ilikuwa njia ya kuwa na kitu ambacho ni cha Mama peke yake. Mwanamume anayeambiwa "lala" kila mara, siku sufuria ikimwagika atajua wapi pa kuanzia? Mama hakuwa amefikiria hivyo kabla. Alivua kikwembe, Baba akaenda.

Alikwenda kila siku mbili kwa wiki tatu. Alinunua kaye ya shule, ile ndogo, akaweka mfukoni pamoja na spana. Yule mganga mwanzoni alimjibu kwa ufupi, halafu akaanza kumpa mifano ya pikipiki, na hapo mambo yakaenda haraka. Tumeifungua kaye hiyo mbele yetu tunapoandika. Ina madoa ya oili kila ukurasa. Ukurasa wa kwanza unasema hivi, kwa maneno ya Baba: "Moto unaendelea kupika ndani ya nyama hata baada ya maji kumwagika, kama injini iliyozimwa bado ina joto. Poza kwanza." Yaani maji safi ya baridi ya kawaida, yakitiririka juu ya kidonda dakika 20 kamili, si kuchovya mara moja. Hata kama saa moja au mbili zimepita bado yanasaidia. Nguo na bangili zitolewe mapema kabla hapajavimba, lakini nguo iliyoshikana na ngozi iachwe. Mwili uliobaki ufunikwe, mtoto asipate baridi. Lengelenge lisipasuliwe. Kitambaa safi juu, si pamba. Dawa ya meno, mafuta, yai, majivu, hapana. Mbele ya neno "yai" kuna mistari miwili chini yake. Hiyo Baba hakuifuta.

Aliandika pia jinsi ya kupima ukubwa: kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole ni kama sehemu moja ya mia ya mwili wake. Moto ukifika viganja kumi ni hospitali kubwa, na kwetu hiyo ni Rutshuru. Ukiwa usoni, mikononi, sehemu za siri au kwenye maungio, usihesabu viganja, nenda tu. Wa mtoto wetu ulikuwa kama viganja vinne, lakini ulipita kwenye kiwiko.

Kuna ukurasa wa kuanguka na kugonga kichwa: mtoto akilia mara moja na kucheza baadaye ni sawa, ila umchunguze siku nzima na usiku; akitapika tena na tena, akilala usingizi usioamshika, akitoka damu au maji masikioni, usingoje asubuhi. Kuna wa damu ya pua. Sisi sote hapa tunamwinua mtoto kichwa juu, sivyo? Kichwa kinainamishwa mbele, sehemu laini ya pua inabanwa dakika 10 bila kuachia kuchungulia. Damu inayomezwa ndiyo inayoleta kutapika.

Na kuna ukurasa wa haragi. Nyumba ya muuza maharagi, mngetarajia nini. Mwezi wa saba msichana wetu alisukuma haragi moja ndani ya pua. Mama alikimbilia maji ili litoke. Baba alimshika mkono: haragi likipata maji linavimba, ndiyo kazi yake. Kijiti pia hapana, kinalisukuma ndani. Mganga alikuwa amemwonyesha jambo ambalo tulidhani ni mzaha. Mzazi anaziba tundu la pua lililo wazi kwa kidole, anaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto, anapuliza mara moja, kwa ghafla na si kwa nguvu sana. Baba alifanya hivyo pale mlangoni, mbele ya wateja wawili wa pikipiki. Mara ya pili haragi liliruka likampiga shavuni. Wale wateja bado wanasimulia. Lingekataa kutoka tungekwenda kituo. Mganga alisema usijaribu siku nzima.

Watu walisema, wacha tusiwadanganye. Siku ya kwanza ya kupima watoto Baba alipokaa kwenye benchi kati yenu, mlisogea mkaacha nafasi ya watu watatu kila upande. Barabarani wenzake walimpa jina ambalo ni la mwanamke. Mama mzaa Baba alimuuliza Mama kama amempa mwanaye kitu cha kula. Baba anasema kilichomsaidia ni kwamba mtoto mwenyewe hakuona ajabu yoyote. Alikuwa anakwenda na baba yake kunyonywa uzito kwenye mzani, akirudi anapewa ndizi.

Chakula kilibadilika pia. Sufuria ya kwanza ya maharagi kutoka kila gunia sasa ni ya nyumbani kabla gunia halijafungwa. Uji wa mahindi una soya na karanga ndani. Mama alipiga hesabu akaona faida ya kila safari imepungua kidogo, na ni kweli imepungua. Mpaka mwezi wa tisa utepe ulikuwa umerudi kwenye kijani.

Sasa tufike usiku wa mwezi wa kumi na moja, kwa kuwa ndio uliotufanya tukubali kuandika. Mvua zilikuwa zimekolea, Mama yuko Goma tena. Mtoto alikuwa na joto tangu mchana. Zamani tungesema ni mvua, tukampa nusu kidonge cha paracetamol kilichobaki mahali fulani, tukangoja. Baba alimpa ile ya maji, kwa kipimo cha kilo zake, akaandika saa. Mtoto aliitapika. Alimpa maji, akatapika. Baada ya muda aliacha kulia. Mama mzaa Baba, aliyekuwa amelala kwetu, akasema, afadhali, sasa amelala. Lakini kwenye kaye kuna mambo manne yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyetetemeka kwa degedege, aliyelegea au asiyeamka vizuri. Baba alimwita kwa jina. Alifungua macho yakarudi nyuma. Mawili kati ya manne, na moja linatosha.

Mama mkwe alisema huwezi kutoka na mtoto katika mvua ya usiku. Ni mama yake, na katika nyumba yetu hajawahi kujibiwa. Baba alimwambia, "Mama, unisamehe," akachukua kikwembe cha Mama kilichokuwa juu ya kamba, akamfunga mtoto mgongoni jinsi alivyotuona sisi wanawake tukifunga, akavaa koti la mvua juu yake na kuondoka kwa miguu, kwa maana pikipiki iliyokuwapo ilikuwa ya mteja na haikuwa na taa.

Kituoni walimchoma kidole, kipimo kikaonyesha malaria. Kabla hajaulizwa Baba alisema: "Miezi 34. Kilo 12 na gramu 200, ilikuwa wiki mbili zilizopita. Chanjo hizi hapa. Alipewa paracetamol saa mbili, akaitapika. Hajakojoa tangu alasiri." Mganga wa zamu, kijana ambaye hakuwa amemwona kabla, alimtazama huku akivuta dawa, akauliza kama ni mwenzake wa kazi. Walimchoma artesunate usiku ule ule, kwa hesabu ya zile kilo, wakaendelea nayo mpaka akaweza kunywa, ndipo wakampa vidonge vya siku tatu.

Mama alipokea simu saa sita usiku. Mara ya kwanza, mwezi wa tano, simu ilikuwa inasema, "Nifanye nini?" Mara hii ilisema, "Tuko kituoni, amekwisha kuchomwa sindano, lala." Mama anasema hakulala, na kwamba neno lile "lala" lilimuuma kidogo, kwa sababu alilitambua.

Mama mkwe alifika kituoni asubuhi na termosi ya chai. Hakusema lolote. Alimpa Baba kikombe cha kwanza, naye mtoto akaomba yake.

Imebaki habari ya mkono. Ngozi ya kiwiko ilipopona ilianza kuvuta, kama mpira uliokaushwa na jua. Mganga alisema kovu la maungo likiachwa linafunga mkono, na kwamba ni kazi ya kila siku, ya miezi mingi, kuunyoosha polepole baada ya kupaka vaseline, bila kumlazimisha mpaka alie. Kwa hiyo kila jioni Baba akishanawa oili wanakaa kwenye mkeka. Anamnyoosha, wanahesabu mpaka ishirini, wanapumzika, wanahesabu tena. Mtoto amejifunza kuhesabu hapo, na kumi na tano huwa anairuka.

Haunyooki wote bado. Baba alichora mstari kwa kipande cha makala ukutani, karibu na mlango, mahali ambapo vidole vya mkono wa kulia vinafika, na mwingine kwa wa kushoto. Mwezi wa sita kati ya mistari hiyo miwili kulikuwa na upana wa kiganja cha Baba. Jumapili iliyopita tulipima tena, vidole vyake viwili vilijaa hapo. Mtoto alisema mstari wa juu ufutwe, unamchokesha. Tumeuacha.